Plen, nevolya, zaklyucheniye: neno lipi la Kirusi kwa "kutekwa"?

Mkuu, umesema programu ya kutafsiri imekupa maneno matatu kwa "kutekwa", yaani plen (плен), nevolya (неволя) na zaklyucheniye (заключение), na hujui uweke lipi kwenye sentensi yako ya "wanajeshi waliotekwa wamerudi nyumbani". Maneno hayo hayashiki nafasi ya mwenzake hata kidogo. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu nililikosea moja mbele ya mtu ambaye lilimgusa.

Nilikuwa Voronezh, mji wa Urusi, mwaka wa kwanza wa kusoma lugha. Mlangoni mwa hosteli alikaa bibi wa zamu, mlinzi wa funguo zetu. Jioni moja akaniuliza habari za nyumbani. Baba yangu mdogo alikuwa amewekwa mahabusu wiki mbili kwa ugomvi wa kiwanja, nami nikajikakamua: "Moy dyadya byl v plenu", nikidhani nasema baba yangu mdogo alikuwa kifungoni. Bibi akaweka glasi ya chai mezani taratibu, akauliza kwa sauti ya chini: "U kogo?" Mikononi mwa nani?

Swali lile ndilo somo lenyewe. Plen ina adui ndani yake. Ni kushikwa na jeshi la upande wa pili, kwa hiyo Mrusi akilisikia anasubiri umtaje aliyeshika: v plenu u nemtsev, mikononi mwa Wajerumani. Baba wa yule bibi alikuwa huko wakati wa vita vya Hitler. Alirudi, lakini kwa miaka mingi fomu za kazi zilimwuliza kama aliwahi kuwa v plenu, na kila alipojibu ndiyo alitazamwa kwa jicho baya.

Hapo ndipo kitenzi kinapokuwa na uzito kuliko nomino. Popast' v plen ni kuangukia mikononi mwa adui, wala halina lawama. Sdat'sya v plen ni kujisalimisha mwenyewe. Agizo namba 270 la tarehe 16 Agosti 1941, lililotolewa na makao makuu ya Stalin, liliwahesabu makamanda waliojisalimisha kuwa watoro, na familia zao zikamatwe; familia za askari wa kawaida waliojisalimisha zinyimwe posho ya serikali. Wanahistoria wengi hukadiria kwamba askari wa Kisovyeti wapatao milioni 5.7 walitekwa na Wajerumani, na zaidi ya milioni 3 wakafia huko. Walionusurika walipitishwa kwenye kambi za kuchujwa kabla ya kuruhusiwa kwenda makwao. Basi ukiandika habari za babu wa mtu, usiweke sdalsya (alijisalimisha) kama huna hakika. Weka popal (aliangukia).

Sarufi yake inatusumbua sisi Waswahili kwa sababu -ni yetu inabeba yote: "ameingia gerezani", "yuko gerezani". Kirusi kinatenganisha kwenda na kuwepo. Kuingia ni v plen: popal v plen, vzyali v plen (walimteka). Kuwepo ni v plenu, na mkazo unahamia mwisho, plenú. Nimesikia wenzetu wengi wakisema "popal v plenu". Ni kosa.

Sasa mtu. Aliyetekwa vitani ni plennyy, na kwenye nyaraka ni voyennoplennyy. Ni kivumishi kilichogeuka nomino, kwa hiyo kinyambue kama kivumishi. Plennik lina harufu ya kitabu. Ndilo mwandishi Tolstoy alilotumia mwaka 1872 katika hadithi yake ya maofisa wawili waliotekwa Kaukazi wakadaiwa fidia.

Zaklyucheniye ni kifungo cha dola yako mwenyewe (na jihadhari, neno hilohilo ni "hitimisho" la insha). Mfungwa ni zaklyuchyonnyy. Mahabusu, kama baba mdogo, husemwa sidel v SIZO, yaani alikaa kwenye gereza la mahabusu. Mtaani Warusi hutumia sidet', kukaa, peke yake: on sidel pyat' let, sawasawa na sisi tunavyosema alikula mvua tano. Redio zetu hutangaza "kubadilishana wafungwa" kwa kila kitu. Warusi hawachanganyi. Askari wa Urusi na Ukraine wakibadilishwa ni obmen plennymi. Watu 24 waliobadilishwa Ankara tarehe 1 Agosti 2024 walitoka magerezani, hivyo ni obmen zaklyuchyonnymi.

Kiswahili chetu kinamwita "mateka" pia yule aliyeshikwa na watekaji wa ndege au benki. Huyo kwa Kirusi ni zalozhnik, kutoka zalog, rehani. Ni mtu aliyewekwa rehani. Napenda sana neno hili kwa ukweli wake.

Nevolya ni ne, "si", na volya, ambayo ni utashi na uhuru kwa pamoja. Siku hizi utalikuta zaidi kwa wanyama: simba aliyezaliwa kwenye bustani ya wanyama rodilsya v nevole. Kwa binadamu ni la mashairi na methali. Biashara ya watumwa ya Bagamoyo na Zanzibar usiiite nevolya wala plen. Hiyo ni rabstvo.

Kuna jambo moja tunafanana kabisa. Sisi tunasema uzuri umeteka moyo, wao wana plenit'. Zanzibar menya plenil, Zanzibar imeniteka. Ni lugha ya maandishi, ila inaeleweka bila shida.

Kwa sentensi yako, usifuate mpangilio wa Kiswahili. Mrusi hasemi "waliotekwa wamerudi". Anasema askari wamerudi kutoka huko: Soldaty vernulis' domoy iz plena. Hapo mkazo unarudi mbele, pléna.