Re: Nalala Kariakoo, nataka bendi ya laivu, naambiwa lazima Masaki

Habari mkuu. Nimekuelewa: una usiku mbili Dar, bajeti elfu hamsini kwa usiku, unataka muziki wa dansi, na wenyeji wako wanakusukuma Masaki.

Masaki ni pazuri, lakini kwa bajeti hiyo utakunywa mbili tatu na kuangalia bahari. Bendi kule zipo, ila nyingi hupiga nyimbo za wengine.

Cha kwanza kuangalia ni siku, si mtaa. Bendi za zamani kama Msondo Ngoma (hao walioanza kama NUTA Jazz mwaka 1964) na Sikinde hupiga siku maalumu, na kumbi hubadilika. Piga simu ukumbini mchana wa siku hiyohiyo. Mimi niliwahi kufika nikakuta kitchen party.

Ukikosa bendi, nenda Sinza. Panda basi la Mwendokasi hadi kituo cha Shekilango, halafu bodaboda hadi Afrika Sana au Mori. Baa zimepangana, nyama choma ipo, ukichoshwa na moja unavuka barabara.

Sasa bili. Usikubali mhudumu aondoe chupa tupu mezani. Baa moja nililetewa bili ya bia saba, mezani tulikuwa tumebakiziwa chupa mbili, na tulikunywa nne. Ubishi wa saa nane usiku huwezi kushinda. Siku hizi nalipa kila raundi.

Kurudi, ita gari kwa simu ukiwa bado ndani, na nauli uitenge kabla ya bia ya kwanza.