Nilimsomea Tarakimu Sita, Akanifungia Nje

Barua tatu tulizochagua mwezi huu zimetoka Kisumu, Njoro na Kakamega, na zote zinahusu akaunti za mtandaoni na watu wanaozinyemelea. Ya kwanza tumeijibu kwa urefu kwa sababu mkasa wake unawapata wengi.

*SWALI: Mimi ni mweka hazina wa chama cha akina mama kumi na wanane tunaouza mitumba katika soko la Kibuye. Jumanne moja asubuhi, nikiwa bado nafungua robota, nilipigiwa simu na mwanamume aliyesema anaandaa semina ya vyama kwa njia ya mtandao. Alinitaja kwa jina, akataja na chama chetu. Aliniambia ningepokea tarakimu sita za kuthibitisha mahudhurio na akaniomba nimsomee, nami nikamsomea. Kabla sijamaliza kupanga nguo, WhatsApp ilikuwa imenitoa, na wenzangu wakawa wanaombwa kwa jina langu shilingi 3,000 za dharura ya hospitali. Wawili walituma. Sasa kila nikijaribu kurudi, ninadaiwa nambari ya siri ambayo sikuiweka mimi. Vijana wangu wanasema niitupe laini, ninunue nyingine. Nifanyeje? – Mama wa Kibuye, Kisumu*

JIBU: Mama, pole sana, na laini hiyo usiitupe. WhatsApp humtambua mtu kwa nambari yake ya simu, na tarakimu sita zinazotumwa kwa ujumbe mfupi ndizo uthibitisho wa pekee kwamba anayejisajili ndiye aliyeishika laini hiyo mkononi. Ulipozisoma kwa sauti, ulimkabidhi mgeni ufunguo wa nyumba huku ukidhani unamtajia nambari ya kiti chake kwenye semina. Tunaposikia neno mdukuzi huwa tunamwaza kijana aliyeinamia kompyuta usiku kucha, lakini huyu wako alihitaji salio la kupiga simu na ulimi mtamu tu. Jina lako hakulipata kwa uchawi, kwa maana nambari ya mweka hazina wa chama huandikwa kwenye risiti, kwenye mabango ya harambee na katika makundi ya kila aina.

Fungua WhatsApp kwenye simu yako, weka nambari yako, subiri ujumbe wenye tarakimu sita mpya, kisha uziweke. Hatua hiyo pekee humtoa mwizi kwenye akaunti hata kama wewe mwenyewe hujafanikiwa kuingia. Nambari ya siri unayodaiwa ni kufuli la pili ambalo yeye amelifunga kwa makusudi ili akucheleweshe, na utaratibu wa WhatsApp ni kwamba baada ya siku 7 utaruhusiwa kuingia bila nambari hiyo. Usiombe tarakimu mara kumi kwa hasira, kwa sababu ukizidisha majaribio utalazimishwa kusubiri saa nyingi kabla ya kutumiwa nyingine. Mazungumzo yako ya zamani mwizi hayaoni, kwa kuwa yamehifadhiwa kwenye simu yako, lakini alipokuwa ndani aliyaona makundi yako na ujumbe wote mpya. Kwa hiyo mpigie mwenyekiti leo, aiondoe nambari yako kwenye kundi la chama mpaka urudi.

Ukisharudi, ingia kwenye mipangilio ya akaunti uweke nambari yako mwenyewe ya uthibitishaji wa hatua mbili, yaani lile kufuli la pili, pamoja na anwani ya barua pepe ya kukusaidia ukiisahau. Kama ungekuwa nayo Jumanne ile, tarakimu sita ulizomsomea zisingemtosha. Kagua pia orodha ya vifaa vilivyounganishwa na ukifute chochote usichokitambua.

Wale wawili waliotuma, ikiwa walitumia M-Pesa, walipaswa kuuelekeza ujumbe wa muamala kwa 456 papo hapo. Ombi la kurejeshewa hufaulu pesa zikiwa bado ziko kwa aliyezipokea, ndiyo maana matapeli hukimbilia kwa wakala kabla mtumaji hajashtuka. Hata wakiwa wamechelewa, waandikishe taarifa kituo cha polisi na wapewe nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, kwa kuwa Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao ya mwaka 2018 inamtoza anayeingia katika mfumo bila idhini faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Picha za skrini za ujumbe ule msizifute.

Sababu nyingine ya kutoitupa laini ni kwamba laini iliyoachwa huuzwa baadaye kwa mtu mwingine, naye ataanza kupokea ujumbe wa akaunti zote ulizozifungua kwa nambari hiyo. Ni afadhali uilinde. Ukibonyeza *106# utaziona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na mteja wa Safaricom anaweza kubonyeza *100*100# ili laini yake isibadilishiwe kadi na mtu mwingine bila yeye kujua.

*SWALI: Ninasoma chuo kikuu hapa Njoro, na kazi zangu nyingi huzifanyia saiba, kwenye kompyuta za kukodi. Nina nywila moja ninayoitumia kila mahali, nayo ni ngumu kweli: ina herufi kubwa, nambari na alama. Hata hivyo mtu ameingia kwenye akaunti yangu ya picha. Rafiki yangu anasema dawa ni kubadilisha nywila kila mwezi. Je, ni kweli? – Mwanafunzi, Njoro*

JIBU: Rafiki yako anarudia ushauri uliokwisha kuachwa. Mwaka 2017 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilipendekeza kwamba watu wasilazimishwe kubadilisha nywila kila baada ya muda bila sababu, kwa kuwa mtu anayelazimishwa hugeuza tarakimu ya mwisho tu, moja ikawa mbili, na mwizi analijua hilo.

Ugumu wa nywila yako haukusaidii kitu ikiwa umeipeleka kila mahali. Yahoo iliibiwa taarifa za akaunti zake zote, bilioni 3, katika shambulio la mwaka 2013, na tovuti ndogo ndogo huvuja bila hata kutangazwa. Wezi huzichukua jozi za barua pepe na nywila zilizovuja, kisha kompyuta huzijaribu katika huduma nyingine moja baada ya nyingine. Tovuti ya Have I Been Pwned, iliyoanzishwa na Mwaustralia Troy Hunt mwaka 2013, itakuonyesha bila malipo kama anwani yako imo katika mavujo yanayojulikana.

Anza na barua pepe, wala usianze na akaunti ya picha, kwa sababu kila huduma unayoiambia umesahau nywila hukutumia kiungo huko huko, hivyo aliyeishika barua pepe yako amezishika zote. Ipe nywila ndefu isiyotumika kwingine popote, uwashe uthibitishaji wa hatua mbili, ikiwezekana kwa programu inayotoa nambari mpya kila sekunde 30, kisha ukague kama kuna nambari ya simu ya kurejeshea akaunti usiyoijua au agizo la kuelekeza barua zako kwa mtu mwingine. Wengi hubadilisha nywila na kuliacha agizo hilo pale pale, mwizi akaendelea kusoma.

Kuhusu saiba, kivinjari kikikuuliza kama kihifadhi nywila, kataa. Ondoka rasmi kwenye kila akaunti, kwa kuwa kufunga dirisha hakutoshi. Akaunti ya barua pepe na ya benki nisingezifungua kabisa kwenye kompyuta ambayo watu arobaini wameigusa tangu asubuhi, kwani programu inayonasa kila herufi unayoipiga haionekani kwa macho.

*SWALI: Nimestaafu ualimu. Huziandika nywila zangu katika daftari, lakini mjukuu wangu amenikaripia na kusema huo ni ushamba. – Mwalimu mstaafu, Kakamega*

JIBU: Mwalimu, endelea na daftari lako. Anayeshambulia akaunti yako kutoka mji wa mbali hawezi kulifungua kabati lako, na daftari hukuwezesha kuwa na nywila tofauti kwa kila akaunti, jambo ambalo kichwa cha mtu yeyote hakiliwezi. Nambari ya siri ya M-Pesa na ya kadi ya benki usiziandike humo, wala usilibebe daftari kwenye matatu. Nywila yenyewe iunde kwa maneno manne au matano yasiyohusiana, hata ukichanganya Kiswahili na Kiluhya, ila methali na mistari ya Biblia uiepuke kwa kuwa inajulikana. Katika ukurasa wa mwisho andika nambari za dharura unazopewa unapowasha uthibitishaji wa hatua mbili, na umwonyeshe mjukuu daftari linakaa wapi, kwani siku simu yako itakapopotea yeye ndiye utakayemwita.