Maswali na Majibu: Uchumi na matarajio yako

Serikali inasema mfumuko wa bei umeshuka. Mbona bei hazijarudi zilipokuwa? (Thika)

Swali hili limeletwa na kujibiwa mno. Mfumuko ni kasi ya bei kupanda. Hapa Kenya kasi hiyo ilishuka kutoka asilimia 9.6 Oktoba 2022 hadi 2.7 Oktoba 2024, yaani bei kwa jumla ziliendelea kupanda, ila polepole. Tafadhali mweleze na jirani yako.

Je, tuko kwenye mdororo? (Kitale)

Hapana. Mdororo ni uchumi kusinyaa kwa muda. Pato la taifa lilipungua mwaka 2020, kwa asilimia 0.3, kisha likarudi kukua.

Mume wangu ameajiriwa, mimi nauza samaki. Yeye asema uchumi umekufa, mimi naona unasonga. Nani mkweli? (Likoni)

Nyote wawili, dada. Mtazame mumeo mwisho wa mwezi: mshahara ni uleule, lakini tozo ya nyumba za bei nafuu imekata asilimia 1.5 na bima ya afya 2.75. Alitarajia kupanda, akashuka. Wewe hukuahidiwa kitu, kwa hiyo ndoo ikiisha kabla ya adhuhuri unashukuru. Kila mtu huupima uchumi kwa ahadi aliyojiwekea. Siasa nayo huingia humo humo. Chuo Kikuu cha Michigan huwauliza Wamarekani wanavyouona uchumi, na baada ya uchaguzi wa Novemba 2016 wafuasi wa vyama viwili walibadilishana majibu kabla rais mpya hajaapishwa. Sisi si tofauti. Ukimsikia mtu akisifu au kulaani uchumi, uliza kwanza alimpigia nani kura.

Nilinunua dola kwa shilingi 160. Niendelee kuzishika? (Nakuru)

Ulinunua hofu, ndugu. Mwanzoni mwa 2024 wengi waliamini tungeshindwa kulipa Eurobond, yaani mkopo wa serikali kutoka kwa wawekezaji wa nje, ya dola bilioni 2 iliyotakiwa kulipwa Juni. Waagizaji wakanunua dola mapema, wenye nazo wakazificha, shilingi ikazidi kuanguka, na kila aliyeogopa akajiona ana haki. Februari serikali ikakopa dola bilioni 1.5 na kulipa sehemu ya deni lile kabla ya wakati. Miezi michache baadaye dola ilikuwa karibu 130. Tulilipa deni kwa deni, tena kwa riba ya karibu asilimia 10. Kilichogeuka ni matarajio. Hilo lisikuzoeshe kudhani kwamba madeni si kitu. Riba hiyo italipwa kwa kodi yako. Kama karo na kodi ya nyumba unalipa kwa shilingi, weka akiba kwa shilingi.

Nikope nifungue duka, kwa kuwa mambo yatanyooka karibuni? (Machakos)

Usikope kwa matumaini. Uza kidogo kwanza, uandike mauzo ya miezi mitatu, ndipo uulize tena.