Naruka vidonge vya moyo ili nisimame kwenye swala ya Ijumaa: je, ni sawa?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mimi ni mzee wa miaka 61, naishi Ujiji. Nilikuwa mvuvi wa dagaa. Usiku kucha tunavuta wavu kwa mwanga wa karabai, na Alfajiri nipo safu ya kwanza. Mwaka wa pili huu natumia dawa za moyo, moja ya kupunguza mapigo na nyingine ya kukojoza. Mwili umekuwa mzito kama gunia lililolowa. Nikiinuka kwenye sijda kichwa kinazunguka. Kwa hiyo Alhamisi jioni na Ijumaa asubuhi simezi kitu, ili niswali kwa kusimama. Jamaa yangu ananiambia mwenye tawakali, yaani anayemtegemea Allah, hategemei kidonge. Nakosea?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullah, mzee wangu. Nianze na vidonge, maana hapo ndipo moyo wangu ulipostuka. Usiviruke tena. Dawa ya kupunguza mapigo ikikatwa ghafla, moyo uliozoea kutulizwa hukurupuka: mapigo yanakwenda mbio, kifua kinaweza kubana, na kuna watu hupatwa na shambulio la moyo. Allah amesema katika Suratul Baqara, aya ya 195: wala msijitie kwa mikono yenu katika maangamizo. Nia yako ni njema, lakini njia uliyoishika inagusa katazo hili.

Marehemu mama yangu alifanya kama wewe. Siku moja nilikuta vidonge vinane vimefungwa kwenye pindo la khanga yake. Alikuwa haimezi ile ya kukojoza siku za darsa, anaona haya kutoka mara kwa mara mbele ya wenzake. Miguu ilivimba hata ukibonyeza kidole shimo linabaki, na usiku alilala ameegemea ukuta kwa kukosa pumzi. Alipomweleza daktari ukweli, alibadilishiwa saa ya kumeza tu. Jambo la kuzungumza dakika mbili lilitaka kumuua.

Jamaa yako mwambie hivi: Mtume, rehema na amani zimshukie, amesema jitibuni, kwani Allah hakuweka ugonjwa ila ameuwekea dawa, isipokuwa uzee. Wameipokea Abu Daud na Tirmidhi, wakusanyaji wa hadithi. Tena Abu Daud amepokea kwamba swahaba Saad bin Abi Waqqas alipougua, Mtume aliweka mkono kifuani pake, akamwambia una maradhi ya moyo, akamwelekeza kwa tabibu Harith bin Kalada. Sanad ya hii, yaani mlolongo wa wapokezi wake, ina maneno kwa wanazuoni, lakini ile ya kwanza inatosha. Tawakali inakaa moyoni, na kidonge kinamezwa kwa maji. Havigombani.

Sasa swala. Swahaba Imran bin Husayn aliugua bawasiri, Mtume akamwambia: swali kwa kusimama, usipoweza kaa, usipoweza lala ubavu. Imo katika mkusanyo wa hadithi wa Bukhari. Na wewe mtu wa ziwani utalielewa hili kuliko wengi: wanazuoni wetu wa madhehebu ya Kishafi wamemtaja aliye ndani ya chombo, kwamba akichelea kizunguzungu ataswali ameketi. Kizunguzungu chako cha nchi kavu hukumu yake ni hiyo hiyo. Simama kadiri unavyoweza, ukihisi kichwa kinazunguka keti, na sijda iweke chini maadamu unaiweza. Unapoinuka kwenda rakaa ya pili au ya nne, kaa kidogo kwanza ndipo usimame. Kikao hicho cha mapumziko ni sunna, swahaba Malik bin Huwayrith alimwona Mtume akikifanya, na kwa mwenye kizunguzungu kama chako kinaipa damu nafasi ya kufika kichwani.

Thawabu za safu ya kwanza usizililie. Mja akiugua au akisafiri huandikiwa mfano wa aliyokuwa akiyatenda alipokuwa mzima na mkazi. Nayo imo kwa Bukhari. Zile Alfajiri ulizotoka ziwani nguo zingali mbichi bado zinakuandikia.

Uchovu wenyewe usiunyamazie. Wengi hupungukiwa nao baada ya wiki za kwanza. Wako umeingia mwaka wa pili, kwa hiyo daktari anapaswa kuujua. Kliniki ijayo nenda na daftari lako, useme unachoka kiasi gani, kizunguzungu kinakuja saa ngapi, na useme pia kwamba ulikuwa ukiruka dozi. Usimfiche. Huenda akapunguza kipimo cha dawa, akahamisha saa, au akabadilisha dawa. Ukizimia, au pumzi ikibana, usisubiri kliniki. Nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Mkojo ukikulazimisha kutoka katikati ya swala, toka, tawadha upya, uanze tena. Ijumaa hii meza dawa zako kama ulivyoandikiwa, uwahi mapema, na kiti chako ukiweke mwisho wa safu ile ile ya kwanza, miguu yake ya nyuma ikilingana na visigino vya wenzako.

Wallahu aalam.