Laptopu kuzimika na chaji asilimia 30

Sheikh wa Chake Chake, umeuliza kwa nini laptopu inazimika ghafla na huku inaonesha asilimia 30. Namba hiyo ni makisio tu. Seli za betri zikichoka, kazi ikizidi volti huporomoka, mashine ikakata kabla Windows haijahifadhi kitu.

Fungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri za Windows), andika powercfg /batteryreport, kisha fungua faili litakalotajwa. Full Charge Capacity (chaji ambayo betri inabeba sasa ikijaa) ikiwa chini ya nusu ya Design Capacity (iliyotengenezewa kubeba ikiwa mpya), tafuta betri mpya, usipoteze muda. Ikiwa bado nzuri, jaza hadi 100, tumia mpaka izime, jaza tena ili kipimo cha asilimia kijirekebishe.

Kwa sasa, kwenye mipangilio ya Power Options, weka Critical battery level (kiwango cha chaji ambapo Windows huchukua hatua yenyewe) asilimia 35, na kitendo kiwe Hibernate, yaani kuhifadhi kazi kwenye diski kisha kuzima. Betri iliyovimba usiichaji kabisa.