Praiveti au ya serikali? Maswali yenu kuhusu pa kujifungulia

Toka tugusie mambo ya leba kwenye safu hii, maswali mengi yanayoingia yana sura moja: nikazalie wapi. Leo nimechukua matano, la kwanza ntakaa nalo sana kwa sababu ndo linabeba mengine yote, kwa hiyo hata kama swali lako halimo we soma tu.

*Shikamoo mama mkunga. Nina mimba ya kwanza, wiki ya 27, kliniki wanasema kila kitu kipo sawa. Mume wangu anataka nikajifungulie praiveti sababu dada ake alizalia huko akasifia sana, chumba chako peke yako, ukimwita nesi anakuja. Mama mkwe hataki hata kusikia, anasema hospitali kubwa ya serikali ndo kwenye madaktari, praiveti ni mapazia tu. Mi nipo katikati na sitaki ugomvi. Hivi kiukweli wapi ni salama zaidi? – Njia Panda*

Marahaba mwanangu. Mumeo anaongelea kujaliwa, mama mkwe wako anaongelea kuokolewa, ndo maana hawaelewani. Vyote viwili ni haki yako, ila kama itabidi uanze na kimoja mi ningeanza na cha mama mkwe.

Uzazi mwingi unaenda vizuri na mkunga mmoja mzoefu anatosha kabisa. Shida ni huu unaoharibika, hautoi taarifa. Mama anaweza kuwa amehudhuria kliniki zote, presha nzuri, damu ya kutosha, mtoto kageuka vizuri, amesukuma mtoto kalia watu wamefurahi, afu kizazi kikagoma kujikaza na damu ikaanza kutoka. Kwa aliyezaa kawaida ikifika nusu lita hapo tunasema tayari imezidi, na duniani kote kutoka damu baada ya kuzaa ndo kunaongoza kuua wazazi. Hapo inatakiwa mtu wa kukanda kizazi, sindano ya oksitosini ya kukaza kizazi, dawa ya kuzuia damu ambayo inafaa itolewe ndani ya masaa 3 toka mama azae, dripu, damu ya kuongezewa, na vikishindikana vyote basi thieta. Na usisubiri kwamba "mimi sina historia ya matatizo", wengi wanaotokwa damu hawakuwa na dalili yoyote kabla.

Kwa hiyo ukienda kuangalia hospitali usiulize kama ni nzuri, kila mtu atakwambia ni nzuri. Uliza itakuwaje mambo yakiharibika Jumapili saa nane usiku. Daktari wa upasuaji yupo humo ndani au yupo nyumbani kwake anapigiwa simu? Mtu wa usingizi je? Huyu watu wanamsahau sana wakati bila yeye hakuna kisu kitakachoanza, nimeona thieta ya kung'aa yenye kila kitu inasubiri mtu mmoja wa ganzi ambaye yuko njiani. Damu ipo kwenye friji yao au mpaka ikafuatwe sehemu nyingine? Mtoto asipolia nani anamshughulikia, maana ile dakika ya kwanza ndo inatakiwa awe ameshaanza kusaidiwa kupumua kwa kile kimfuko chenye barakoa, na hiyo ni kazi ya mtu aliyefundishwa na anayeifanya mara kwa mara. Afu uliza na umeme, una jenereta? Ile oksitosini niliyoitaja inatakiwa itunzwe kwenye ubaridi wa nyuzi 2 mpaka 8, ikikaa kwenye joto inapungua nguvu, na we mgonjwa huwezi kujua kwa kuangalia kichupa.

Swali la mwisho ndo zuri kuliko yote: mkishindwa mnanipeleka wapi? Sehemu nyingi sana jibu la hospitali ndogo ya praiveti ni hospitali kubwa ya serikali, ileile ya mama mkwe wako. Maana yake ukipata shida kubwa utaishia hukohuko, ila utafika kwa ambulensi, umechoka, hawana faili lako, na dakika zako nyingi zimeishia barabarani. Sasa kama hospitali hizi mbili zimetazamana hilo sio tatizo kubwa, lakini kama ni mwendo wa saa nzima na foleni, mi hapo ningejiuliza mara mbili.

Ila na mama mkwe naye asishangilie mapema. Kuna serikali na serikali. Kituo kidogo cha serikali kisicho na thieta wala damu hakijawa salama zaidi ya praiveti kubwa eti kwa sababu tu ni cha serikali, na pia kuna praiveti zina kila kitu masaa 24, zikiwemo nyingi za mashirika ya dini ambazo hazipo kwa ajili ya faida. Afu hospitali kubwa ya umma ina ugonjwa wake, na ugonjwa huo ni msongamano. Mapigo ya moyo ya mtoto uchungu ukishakolea yanatakiwa yasikilizwe kila baada ya dakika 15 mpaka 30, na wakati wa kusukuma kila dakika 5. Mkunga mmoja mwenye akina mama nane hawezi, hata awe malaika. Ndo maana mtoto anaweza kuchokea tumboni kwenye hospitali yenye mabingwa kumi, kwa sababu hakuna aliyesikiliza mapema. Hapo praiveti iliyotulia inamshinda mkubwa wake kabisa. Kwa hiyo uliza na hilo, usiku mkunga mmoja anakuwa na akina mama wangapi.

Jambo jingine ambalo watu hawaliongelei, sehemu nyingi madaktari ni walewale. Asubuhi yupo wodi ya serikali, jioni yupo praiveti. Yule uliyempenda kliniki usijidanganye kwamba ndo atakuzalisha, muulize usiku wa zamu yake ya serikali huku anamwachia nani.

Kwa wewe mwenye mimba isiyo na shida, wiki 27, muda unao. Nenda na mumeo hospitali zote mbili mkaulize hayo, ikiwezekana mchukue na mama mkwe, akisikia majibu kwa masikio yake ugomvi wenyewe utakuwa umepungua. Ila hesabu hii inabadilika ukiwa na mapacha, presha iliyofika 140/90, kisukari, kondo la nyuma lililokaa chini, au uchungu ukikuanza kabla ya wiki 37. Hapo usinunue chumba cha peke yako, tafuta hospitali yenye bingwa, damu na wodi ya watoto njiti, iwe ya nani isiwe ya nani.

*Mama habari. Mwanangu wa kwanza nilizaa kwa kisu sababu alitanguliza makalio. Sasa nina miezi saba na huyu kichwa kipo chini vizuri. Praiveti ninapohudhuria daktari kanipangia tarehe ya opareshini bila hata kuniuliza, nikimuuliza anasema mwenye mshono ni kisu tu. Rafiki yangu ana mshono kama wangu na kazaa kawaida hospitali ya serikali. Wananifanyia biashara? – Mshono Mmoja*

Inawezekana, na inawezekana pia daktari wako ni mkweli kuliko unavyofikiri.

Mwenye mshono mmoja uliokatwa kwa kulala chini ya tumbo la uzazi, na sababu ya kisu cha kwanza haijajirudia, kwa kawaida anaruhusiwa kujaribu njia ya kawaida, na kati ya wanaojaribu karibu watatu kwa kila wanne wanafanikiwa. Hatari ni mshono wa kizazi kufumuka ukiwa kwenye uchungu. Hutokea kama kwa mmoja kati ya 200 hivi, ni wachache, ila ukifumuka zinahesabiwa dakika. Sasa kama hiyo praiveti usiku haina mtu wa usingizi, kukukatalia ndo uungwana wenyewe, ningewaogopa zaidi wangekwambia njoo tu tutajaribu.

Hilo la biashara halijatoka hewani lakini. Tafiti za nchi nyingi zimeona hospitali za faida zinapasua zaidi, Brazil ndo mfano unaotajwa sana maana kwenye praiveti zao zaidi ya watoto 8 kati ya 10 wanatoka kwa kisu, wakati Shirika la Afya Duniani lilishasema upasuaji ukipita asilimia 10 ya wazazi wa nchi nzima vifo havionekani kupungua kwa sababu ya hiyo nyongeza. Kisu kinalipa zaidi na kina ratiba, daktari analala usiku. Kwa hiyo mrudie umuulize vitu vitatu, mshono wangu ulikatwaje, sababu ya kunipasua ni ipi hasa kwangu mimi, na kwa nini tarehe hiyo. Opareshini ya kupanga isiyo na haraka inasubiri wiki ya 39 ili mapafu ya mtoto yakomae, akikupangia ya 37 bila sababu ya maana hapo una haki ya kuguna. Akikasirika kwa kuulizwa chukua faili lako ukamwone daktari mwingine. Na ukiamua kufuata njia ya rafiki yako hakikisha huko serikali kuna mtu wa kukuangalia muda wote, mwenye mshono haachwi peke yake kwenye benchi.

*Nimepewa bei ya pakeji ya kujifungua praiveti, naimudu kwa kubana kidogo. Kuna kitu kingine nijiandae nacho? – Baba Mtarajiwa*

Kipo baba, tena kikubwa. Ile bei mara nyingi ni ya kuzaa kawaida bila tatizo lolote. Omba wakuandikie na bei ya upasuaji wa dharura, damu, daktari wa watoto, na siku moja ya mtoto kwenye wodi ya njiti, maana hiyo inahesabiwa kila siku na mtoto aliyezaliwa mimba ikiwa ya wiki 32 anaweza kukaa huko wiki kadhaa. Hapo ndo familia zinaumia, bili ya mama mmeshalipa ya mtoto bado inapanda. Kama una bima soma kipengele cha uzazi, nyingi zinataka uwe umejiunga muda mrefu kabla, na uliza mtoto anaingia kwenye bima lini, siku aliyozaliwa au baada ya kusajiliwa.

Ukiona kawaida unaimudu kwa kubana lakini kisu humudu, mi nakushauri uandikishe serikali toka sasa, hizo pesa ziwe za usafiri, vifaa na akiba. Kuhamishwa katikati ya uchungu kwa sababu pesa zimeisha ni kubaya kuliko kuanzia hukohuko.

*Mtoto wa kwanza nilizalia serikali, nilitukanwa, nesi akanipiga kofi la paja eti sisukumi. Siwezi kurudi. Je nina makosa kukimbilia praiveti hata kama ni kidogo? – Sirudi*

Huna makosa hata kidogo na pole sana. Mzazi hapigwi, hiyo "ndo kumsaidia asukume" ni uongo tuliorithishana, mama akiogopa hata uchungu wenyewe unavurugika. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2018 inataka mzazi aheshimiwe na awe na mtu wake aliyemchagua leba nzima, na hiyo ya mtu wako ndo ningeishika kwa mikono miwili. Popote utakapoangalia uliza: mnaruhusu mama yangu, dada yangu au mume wangu akae na mimi mpaka mwisho? Palipo na shahidi midomo inapungua.

Ila usikimbie kofi ukaangukia pasipo na damu. Tafuta praiveti inayojibu yale maswali ya saa nane usiku, au hospitali nyingine ya serikali, zinatofautiana sana, hata zamu na zamu zinatofautiana. Waulize waliozaa hapo karibuni, na usiwaulize kama palikuwa pazuri, waulize usiku nesi alipita mara ngapi na walielezwa nini kabla ya kuchanwa au kuchomwa sindano. Huko praiveti nako kuna dharau zake, haina matusi ila unafanyiwa vitu hujaulizwa, kwa sauti ya upole. Na malalamiko ya lile kofi bado unaweza kuyaandika, hospitali nyingi zina ofisi au sanduku la hayo.

*Kliniki nahudhuria praiveti ila kuzaa nataka serikali. Watanipokea? – Mama K*

Watakupokea, wengi wanafanya hivyo. Ila usifike kwa mara ya kwanza ukiwa unapiga kelele getini. Nenda angalau mara moja kabla ya wiki ya 36 wakufungulie faili, beba kadi ya kliniki, majibu ya grupu la damu, wingi wa damu, HIV na kaswende, na karatasi za ultrasaundi. Kama grupu lako ni hasi waambie siku hiyohiyo, maana kuna sindano ambayo inatakiwa uipate ndani ya masaa 72 baada ya kuzaa kama grupu la mtoto ni chanya, na sio kila hospitali inayo stoo, umma au binafsi. Ukishazaa usikubali kuharakishwa kutoka kabla ya masaa 24 eti kitanda kinatakiwa, kama mwenyewe hujisikii sawa sema.

Na hii ni kwa wote watano: ukiona damu, maji ya kijani, kichwa kinauma sana na macho yanaona maluweluwe, au mtoto amepunguza kucheza, sahau mipango yote ya hapo juu, ingia hospitali yenye thieta iliyo karibu zaidi.