Usukani unatetemeka ukikanyaga breki? Usikimbilie kununua diski

Mkuu, maelezo yako nimeyasoma yote. SUV ya familia ya viti saba, ikiwa spidi 80 ukigusa breki usukani unatetemeka mikononi. Pedi za mbele umebadilisha mara mbili ndani ya mwaka mmoja, fundi sasa anataka ununue diski mbili mpya, na juu ya hayo shemeji analalamika kwamba pedali ya breki siku hizi "inazama". Wadau wamekujibu ununue spea jenyuini na mambo yataisha. Hayataisha. Mimi nilinunua jenyuini, tetemeko likarudi baada ya kilomita elfu tano.

Chapa ya gari langu siitaji, kwa sababu haya magari ya juu ya mtumba kutoka Japani yanaumwa ugonjwa mmoja, liwe la nani. Kwanza ni mazito. Likiwa tupu lina tani moja na nusu na ushee. Jaza watu na mizigo ya safari, unaikaribia tani mbili au unaivuka. Pili, mengi yanafika bandarini yakiwa na miaka kumi au zaidi, na raba za breki ndani yake zina umri huohuo. Sisi wanunuzi tunakagua injini, rangi na redio. Sijawahi kuona mtu akivua tairi kabla ya kulipa, na mimi sikuvua.

Nilikuja kuvua Mombo, baada ya aibu iliyonipata kwenye kona za Soni, mkoani Tanga.

Ilikuwa Desemba, tunatoka Lushoto. Mama mkwe amekaa mbele, mke na watoto watatu nyuma, gunia la viazi na ndoo mbili za plamsi kwenye buti. Barabara ile ya kushuka Mombo ni kilomita thelathini na kitu, kona juu ya kona, ukuta wa mlima upande mmoja na bonde upande wa pili. Gari ni automatiki, mimi niko D, mguu uko juu ya breki muda wote, tena mwepesimwepesi, nikidhani ndiyo kuitunza. Tulipoipita Soni mama mkwe akasema, "Baba Neema, kuna kitu kinaungua." Nikamwambia ni lori lililotutangulia. Hakukuwa na lori.

Kona mbili mbele pedali ikawa laini kama nimekanyaga godoro. Nikaikanyaga tena, ikaenda karibu na sakafu. Hapo nikaanza kuipampu harakaharaka, nikashusha gia hadi L, injini ikapiga kelele kwelikweli lakini gari likapungua, nikalimalizia kwa handibreki, kidogokidogo, hadi pembeni upande wa mlima. Tairi la mbele kulia lilikuwa linafuka moshi. Kijana wa bodaboda akasimama na dumu la maji, anataka kumwaga. Nikamzuia. Chuma kilichoiva hivyo ukikimwagia maji baridi kinaweza kupinda au kupasuka. Tukakaa zaidi ya saa moja tunakula plamsi, mama mkwe hasemi neno, na kimya chake kilikuwa kikali kuliko maneno.

Nilipofika nyumbani nilipiga hesabu. Kutoka Lushoto hadi Mombo unashuka karibu mita 1,000. Gari la tani mbili likishuka kimo hicho, nguvu inayotakiwa kumezwa njiani inatosha kuchemsha zaidi ya lita 50 za maji, yaani ndoo mbili na nusu. Upepo na injini vinachukua sehemu yake. Kinachobaki chote kinaingia kwenye vipande vinne vya chuma nyuma ya rimu zako. Madereva wa malori wanaopita mlima Kitonga wana kanuni yao: gia uliyopandia ndiyo ya kushukia. Automatiki nayo ina gia za chini, L, 2 au S, si mapambo.

Sasa, kwa nini lilifuka tairi moja tu? Kushoto nako kulikuwa na moto, lakini wa kawaida. Hapa ndipo penye jibu lako pia.

Kalipa, yaani kile kibanio kinachobana pedi kwenye diski, kwa magari mengi ya aina hii ina pistoni upande wa ndani tu. Pistoni inasukuma pedi ya ndani, kisha kalipa nzima inateleza juu ya pini mbili na kuivuta pedi ya nje ije kubana diski. Pini zile zikishika kutu au grisi yake ikikauka, kalipa haitelezi. Pedi ya ndani inafanya kazi yote, na ukiachia breki hairudi vizuri, inaendelea kusugua diski barabara nzima. Tulipolivua tairi kwa fundi wa Mombo, pedi ya ndani ilibaki unene wa shilingi, ya nje ilikuwa nusu. Pini ya chini tuliitoa kwa nyundo.

Uchungu wake ni kwamba pedi zile zilikuwa na miezi minne tu. Gereji niliyokuwa naenda ilikuwa imeshanibadilishia mara mbili: wanafungua boliti moja, wanainua kalipa, wanairudisha pistoni ndani kwa jeki ndogo, wanapachika pedi mpya, dakika ishirini, lete hela. Pini hakuna aliyezigusa. Kwa hiyo ulichofanya wewe mara mbili ndicho nilichofanya mimi: kumzika maiti na kumwacha muuaji ndani ya nyumba.

Kabla hujanunua chochote, vua tairi zote mbili za mbele na ulinganishe pedi nne. Ya ndani ikiwa imeliwa kuliko ya nje, pini. Upande mmoja umeliwa kuliko mwingine, ama pini, ama pistoni imeshika kutu, ama mpira wa breki, ule unaopeleka mafuta kwenye kalipa, umevimba kwa ndani. Huu mpira unadanganya sana kwa sababu kwa nje unaonekana mzima. Ndani umevimba, mafuta yanapita ukikanyaga lakini hayarudi ukiachia. Kuutambua ni rahisi: piga jeki, mtu akanyage breki na kuachia, jaribu kuzungusha tairi. Likigoma, legeza nati ya kutolea upepo kwenye kalipa. Mafuta yakiruka na tairi likaachia, kalipa haina kosa, mtuhumiwa wa kwanza ni mpira. Likiendelea kugoma, kosa liko kwenye kalipa yenyewe.

Pini zikisafishwa zipakwe grisi ya silikoni au ile maalumu ya breki. Grisi ya beringi inavimbisha raba, na baada ya miezi michache mnarudi palepale. Tena uliza kabla hawajapaka, maana mafundi wengi wana kopo moja tu la grisi na wanalipaka kila kitu hadi bawaba za mlango.

Tuje kwenye tetemeko. Watu wanasema "diski imepinda", na mimi niliamini hivyo, nikatoa za zamani nikaweka mpya. Wiki za kwanza gari laini kama siagi. Halafu polepole usukani ukaanza tena. Nikapelekwa kwa fundi mmoja mtu mzima pale Gerezani, Dar, ambaye hakuniuliza bei wala chapa. Alivua tairi, akafunga diski kwa nati zake, akaweka ile saa ya kupimia yenye sumaku na mshale, akaizungusha diski kwa mkono. Mshale ukacheza milimita 0.12. Akanionyesha: kwa magari mengi mwisho unaotakiwa ni 0.05 hivi. Kisha akaitoa diski, na kwenye habu, kile kitako diski inapokalia, kulikuwa na ganda la kutu ambalo hakuna aliyelikwangua wakati wa kuweka mpya. Diski ilikaa juu ya kutu, upande mmoja umeinuka unene wa unywele.

Diski ikikaa upogo namna hiyo, kila mzunguko inaigusa pedi sehemu ileile hata kama hujakanyaga breki. Inaliwa pale polepole. Baada ya kilomita elfu kadhaa sehemu moja inakuwa nyembamba kuliko nyingine, na tofauti ya mikroni ishirini tu (milimita 0.02) mkono wako unaisikia kwenye usukani. Ndiyo maana tetemeko halikuja siku ya kwanza, na ndiyo maana gereji itakuapia kwamba kazi yao ilikuwa safi.

Mzee akapiga habu brashi ya waya na msasa, akaisogeza diski tundu moja mbele, akapima tena: 0.04. Kwa kuwa unene ulikuwa bado unaruhusu, diski zikaenda kukerezwa. Na wewe usikubali diski itupwe wala ikerezwe kabla haijapimwa unene kwa vernia, ile rula yenye taya. Unene wa mwisho umegongwa kwenye diski yenyewe, tafuta maandishi MIN TH na namba yake. Ikishafika hapo au ukikereza utafika hapo, nunua mpya, hakuna mjadala.

Jambo la mwisho alilonikataza ni mashine ya upepo ya kufungia nati, ile ya mafundi pancha. Inakaza nati moja kama imechomelewa na nyingine inaiacha, diski inavutwa upande. Kwa magari mengi ya ukubwa huu nati inatakiwa kukazwa kwa nguvu ya kama Nm 100 hadi 110, kitabu cha gari lako kina namba kamili. Mimi sasa nina spana yangu ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kwenye buti. Fundi pancha akimaliza, nalegeza na kukaza mwenyewe, kwa mkato wa nyota, nati ya upande huu kisha ya upande wa pili. Wananicheka, wacheke.

Pedi mpya zisaidie kuzoea diski: tafuta barabara tupu, punguza kutoka 60 hadi 20 mara kama kumi bila kusimama kabisa, uachie zipoe katikati. Ukishuka mlima breki zikiwa za moto, usisimame umezikanyaga kwa nguvu mahali pamoja.

Hilo la pedali kuzama lisisubiri, hata kama usukani utausubirisha. Muulize shemeji inazama vipi, maana kuna kuzama kwa aina tatu. Ukiwasha gari huku umekanyaga na pedali ikashuka kidogo kisha ikasimama, hiyo ni boosta, kile kinachokusaidia kukanyaga breki, inafanya kazi, shukuru. Ukikanyaga ukasikia laini, na ukipampu inapanda, kuna upepo kwenye mfumo au mafuta yamechoka, au breki za nyuma zinataka kurekebishwa. Lakini ukiwa kwenye taa umeikanyaga kwa uzito uleule na inateremka yenyewe taratibu, na hakuna mahali panapovuja, raba za ndani za masta silinda, pampu kuu ya breki, zimekwisha. Hilo gari lisitoke getini hadi litengenezwe. Kinyume chake, pedali ngumu kama jiwe na sauti ya "fsss" miguuni ni boosta au bomba lake la hewa.

Mafuta ya breki ndiyo nusu ya kisa changu cha Soni. Mafuta haya yananyonya unyevu wa hewa, na sisi wa pwani tunajua unyevu ni nini. Yamepangwa kwa madaraja ya DOT: DOT 3 mapya lazima yastahimili angalau nyuzi 205 kabla ya kuchemka. Yakishanyonya maji kiasi kinachotumika kwenye vipimo, kiwango kinashuka hadi 140. DOT 4 ni 230 na 155. Mafuta yakichemka yanatoa mvuke, mvuke unabonyea, pedali inakuwa godoro. Ya kwangu sijui yalikuwa na miaka mingapi, pengine yalikuja nalo kutoka Japani. Sasa nabadilisha yote kila miaka miwili, kwa kufuata namba iliyo kwenye kifuniko, na chupa iliyobaki wazi siirudishi kabatini. Usimwruhusu mtu aongeze mafuta ya gia au ya injini kwenye kile kikopo cha mafuta ya breki hata tone moja, raba zote za mfumo zitavimba. Na kikopo kikipungua usijaze tu na kuondoka: pedi zikiliwa, mafuta yanashuka. Taa nyekundu ya breki inaweza kuwa inakwambia hivyo.

Taa ya ABS peke yake ikiwaka, breki za kawaida bado unazo, ila tairi zinaweza kujifunga kwenye utelezi. Mara nyingi ni sensa ya tairi imejaa tope au waya wake umekatika. Ikiwaka pamoja na ile nyekundu, simama.

Handibreki itumie kila siku hata kama ni automatiki. Mimi nilikuwa naweka P na kuondoka. Viatu vyake vidogo ndani ya diski za nyuma vikashika kutu, siku niliyoivuta vikagoma kuachia hadi nyundo.

Basi Jumamosi vua hayo matairi ya mbele. Piga picha pedi zote nne zikiwa zimelala kwa mpangilio, kulia ndani na nje, kushoto ndani na nje, na picha ya habu baada ya kutoa diski. Andika na unene wa diski uliosoma kwenye vernia, kisha uweke hapa tuone. Fundi akikwambia pini hazitoki, usimwache afunge.